Gunia la ndengu lina mizani, mlemavu je?

Siku moja ya soko, katika kituo kimoja cha biashara kusini mwa Kitui, nilipimwa uzito katika ghala la nafaka. Mwenye ghala alikuwa akinunua ndengu kutoka kwa wakulima, na mizani yake ilikuwa ile yenye bapa pana la chuma linalolazwa sakafuni ili magunia yasukumwe juu yake. Vijana wawili wapakiaji wa mizigo wakanisukuma juu ya bapa hilo nikiwa nimeketi kwenye kiti changu cha magurudumu. Mizani ikasoma kilo 117. Kisha wakanihamishia juu ya gunia, wakakipima kiti peke yake: kilo 21. Mwenye ghala akapiga hesabu kwa kalamu kwenye kiganja chake, akasema, "Mwalimu, wewe ni kilo 96. Ungekuwa ndengu, ningekuandikia gunia moja na kilo sita juu."

Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilitambua jambo lililonikata kicheko. Ilikuwa ni mara ya kwanza kuujua uzito wa mwili wangu tangu nilipoacha kusimama kwa magongo, yaani muda wa miaka 14. Katika muda huo wote nilikuwa nimeonana na matabibu mara nyingi nisizoweza kuzihesabu.

Kilichonipeleka ghalani ni bega la kulia. Niliugua polio nikiwa na umri wa miaka mitatu katika milima ya Mbooni, wakati Makueni ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos. Nilitembea kwa magongo hadi utu uzima, nikasomea ualimu, nikapangiwa kazi Kitui, nikaoa na kujenga huko. Miguu ilipozidi kudhoofu nikahamia kwenye kiti. Tangu siku hiyo mabega yangu ndiyo miguu yangu. Ndiyo hunisukuma hadi darasani, ndiyo huniinua kutoka kitandani, ndiyo huniteremsha chooni. Bega lilipoanza kuniuma hata usiku nikiwa nimelala, nikaenda hospitalini.

Tabibu aliyenihudumia alikuwa kijana mwenye adabu. Alilipapasa bega, akalitupia jicho tumbo langu, akasema, "Mwalimu, itakubidi upunguze uzito." Nikamwuliza, "Kutoka kilo ngapi hadi ngapi, daktari?" Akageuka kuitazama mizani iliyokuwa pembeni, ile ya kukanyagwa kwa miguu, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na jibu. Kwenye kadi yangu, penye nafasi ya kuandika uzito, palichorwa mstari mfupi. Nilipozipekua kadi zangu za zamani nyumbani nilikuta mistari kama huo, mwaka baada ya mwaka.

Hoja yangu leo, msomaji mpendwa, ni hii. Mlemavu huambiwa apunguze uzito kana kwamba alichokosa ni nia. Huonekana mvivu, mlafi, au mtu aliyekwisha kukata tamaa. Ilhali hakuna mwenye sababu nzito ya kutaka kupungua kuliko yeye, maana kila kilo anayoongeza huibeba kwa viungo vichache alivyosaziwa. Nia anayo. Kinachomkwamisha aghalabu kiko nje ya moyo wake: hapimwi, hana njia ya kupitia, na chakula anachopewa kwa upendo hakilingani na mwili alio nao.

Hebu tuanze na mwili wenyewe. Misuli ya mapaja na matako ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini, na misuli ndiyo hutumia sehemu kubwa ya nguvu tunazozipata katika chakula. Misuli hiyo ikipooza hunyauka, na matumizi ya mwili hushuka. Kwa hiyo mtu aliyepooza miguu akila sahani ile ile anayokula ndugu yake mzima, wa umri na kimo sawa naye, yeye atanenepa na ndugu yake hatanenepa. Hapo hakuna ulafi, ni hesabu tu. Na kwa kuwa mafuta huchukua nafasi iliyoachwa na misuli, mtu aweza kuonekana wa kiasi huku ndani yake sukari na shinikizo la damu vikinyemelea.

Fauka ya hayo, kipimo chenyewe kinatupotosha. Kanuni inayotumiwa duniani kote ni kugawanya kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Akipata 25 au zaidi, ana uzito uliozidi. Akifikia 30, amenenepa kupita kiasi. Sasa nani atanipima kimo mimi ambaye uti wangu umepinda na miguu yangu haikukua sawa? Kwa waliovunjika uti wa mgongo, wataalamu wamependekeza kwamba hatari ihesabiwe kuanzia 22, kwa sababu ya misuli iliyopotea. Naye aliyekatwa mguu huhesabiwa kimakosa kwa namna nyingine: mguu mzima ni takriban asilimia 16 ya uzito wa mtu, hivyo mizani humwonyesha kuwa mwepesi kuliko alivyo. Mtu kama huyo aweza kuambiwa yuko salama na kumbe sivyo.

Madhara yake nayo ni tofauti na ya wengine. Kwa mtu mzima wa viungo, kilo kumi za ziada huenda zikawa nguo zinazobana na pumzi fupi mlimani. Kwetu sisi kilo kumi zaweza kuwa tofauti kati ya mtu anayejihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kitini, na mtu anayesubiri kubebwa. Mguu wa bandia uliotengenezwa kwa vipimo vya mwaka juzi hukataa kuingia, au huingia na kukichubua kigutu. Ngozi inayokaliwa mchana kutwa hubanwa zaidi na kufanya vidonda ambavyo huchukua miezi kupona. Na bega likishindwa, mwenye kiti amepoteza miguu kwa mara ya pili.

Sasa nije kwenye sahani. Ukambani ni nchi iliyofunzwa na njaa. Wazee huzitaja njaa kwa majina kama wanavyowataja watoto wao. Ile ya mwaka wa 1984 waliiita "nikw'a ngwete", yaani nitakufa ilhali nimeshika, kwa kuwa watu walikuwa na fedha mkononi na chakula cha kununua hakikuwepo. Chakula cha msaada kina jina lake la Kikamba, mwolyo, na hakuna mtoto asiyelijua. Katika nchi ya namna hiyo, kumwambia mtu kuwa amenona ni kumsifu. Unene ulikuwa ushahidi kwamba ghala la nyumba lina kitu.

Mama yangu alikuwa na watoto saba, na ni mimi pekee niliyepooza. Wenzangu walipokwenda kuchota maji, kuchunga mbuzi na kucheza, mimi nilibaki naye jikoni. Kila chungu kilipoepuliwa, mimi ndiye niliyeonjeshwa kwanza. "Huyu asiyekwenda popote, angalau ale," ndivyo alivyokuwa akiwaambia majirani. Simlaumu, Mungu amrehemu. Alinipa kile alichokuwa nacho. Lakini nimewaona wazazi wengi Kitui na Makueni wakifanya vivyo hivyo hadi leo: mtoto mlemavu haendi sokoni, haendi uwanjani, haendi hata kanisani Jumapili, ila sahani yake hurundikwa ugali. Chakula kimewekwa mahali pa matembezi. Mtoto huyo anapofika umri wa miaka 20, mama yake hawezi tena kumwinua, na yeye hawezi kujiinua.

Yako pia mambo ambayo watu hawayasemi kwa haya. Ninaposafiri kutoka Kitui kwenda Wote kuwaona ndugu zangu, huwa sili wala sinywi tangu alfajiri, kwa kuwa sijui choo gani njiani kina mlango wa kupitisha kiti changu. Nikifika jioni hula kwa pupa kama mtu aliyefungua saumu. Walemavu wengi wa kiti wanaishi hivyo: mchana wanajinyima, usiku wanajishindilia. Hakuna mwili unaopungua kwa mtindo huo.

Kuhusu njia nisiseme mengi, maana kila aliyefika kwetu anazijua. Makueni ina vilima: Mbooni, Kilungu, Nzaui. Kiti cha magurudumu kikiteremka huko hakina breki ya kutumainiwa, na kikipanda hakina msaada ila mikono. Kitui ina mchanga. Gurudumu dogo la mbele huzama ndani yake kama kijiko kwenye uji, na mwenye kiti hubaki papo hapo mpaka apite msamaria. Matatu hutoza nauli ya mtu na ya kiti, kama kwamba kiti ni gunia la makaa. Kisha twaambiwa, "Fanyeni mazoezi, tokeni nje!"

Nilipotoka ghalani siku ile na tarakimu yangu ya 96, nilimwendea mama watoto nikamweleza. Akaniuliza, "Sasa baba, unataka nikunyime chakula?" Nikamwambia, "La, nataka tupange upya." Tulianza na chai. Nilikuwa nikinywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari. Vijiko 12 kwa siku hufanya karibu kilo moja unusu ya sukari kwa mwezi, na nilikuwa sijawahi kuihesabu kama chakula. Tulipunguza kijiko kimoja kila majuma mawili hadi vikaisha. Soda nikaiachia harusi. Muthokoi tuliendelea kuupika, ila tukageuza mizani ya chungu: mbaazi na kunde zikazidi mahindi. Ndengu, ambayo karibu robo ya uzito wake mkavu ni protini, ikachukua nafasi ya sahani ya pili ya ugali. Mboga za kienyeji zikaongezwa. Embe, ambazo msimu wake Makueni hufurika hadi kuoza chini ya miti, nikajiwekea moja kwa siku, nami ni mtu niliyezoea kula tano nikiwa nimeketi kivulini.

Naonya hapa kwamba kujinyima ghafla si werevu. Mwili wa mlemavu ukikosa protini hula misuli yake yenyewe, na misuli hiyo ya mikono ndiyo tunayoitegemea. Ngozi nayo hudhoofika na vidonda hukawia kupona. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba na haba kibaba hupungua.

Mintarafu ya mazoezi, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2020 ambamo kwa mara ya kwanza watu wenye ulemavu walitengewa mapendekezo yao. Kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani, kwa kadiri ya uwezo wa mtu, na mwongozo huo unasisitiza kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Wanangu walinishindilia udongo wa kichuguu kuuzunguka ua wetu, wakaumwagia maji na kuupiga hadi ukawa mgumu kama sakafu. Hapo ndipo ninapozunguka asubuhi kabla jua halijawa kali. Jioni huinua madumu madogo ya maji nikiwa nimeketi, na kuivuta kamba iliyofungwa kwenye mwembe. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenifunza kuvuta, kwa kuwa kutwa nzima mimi husukuma, na misuli ya mgongo isiposaidia ile ya kifua, bega huteguka. Alinionya pia kwamba sisi tuliougua polio utotoni aghalabu hupatwa na udhaifu mpya miongo kadhaa baadaye, na kwamba mazoezi ya kujichosha hadi kuzirai yanaweza kutuzidishia hasara. Kila mlemavu na aulize kwanza kinachoufaa mwili wake.

Anayedhani kwamba mazoezi ya kuketi au kulala ni mchezo wa watoto na amkumbuke Hellen Wawira Kariuki, Mkenya aliyenyanyua vyuma akiwa amelala chali na kutwaa medali ya shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka wa 2022.

Kila mwisho wa mwezi nilirudi ghalani. Mwenye ghala hakunitoza hata senti. Baada ya miezi 13 kalamu yake iliandika 87. Sitaki kumdanganya msomaji kwamba safari ilinyooka. Mvua za Novemba ziliponyesha, ua wangu uligeuka tope, nikakaa ndani majuma sita na kilo mbili zikarudi. Bega halijapona kabisa. Lakini sasa nalala usiku, na nimerejea kujihamisha kutoka kitandani bila kumwamsha mama watoto. Kwangu mimi hizo ndizo kilo tisa.

Huenda msomaji akauliza: je, katika kaunti zinazojulikana kwa njaa, ni busara kuzungumzia unene wa walemavu? Kati ya mwaka wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana kwa mfululizo, na Kitui na Makueni ziliumia pamoja na maeneo mengine kame ya Kenya. Nami nilikuwepo. Jibu langu ni kwamba njaa na unene hukaa katika boma moja. Kitu cha kwanza kupotea mvua ikikosekana ni kunde, mboga na maziwa. Kinachobaki ni unga na sukari. Isitoshe, njaa ndiyo iliyotufunza umuhimu wa kupima. Watoto wetu hufungwa mkononi utepe wenye rangi nyekundu, njano na kijani, na rangi hiyo ndiyo huamua nani apewe chakula cha kumwokoa. Twajua basi kwamba asiyepimwa hasaidiwi.

Wengine watasema unene ni wa mwenyewe na hapaswi kuaibishwa. Nakubaliana nao kabisa. Sikuandika haya ili mlemavu mnene achekwe sokoni. Ameshachekwa vya kutosha. Naandika ili apewe tarakimu yake, kisha aamue mwenyewe.

Yanayotakiwa si makubwa. Kila hospitali ya kaunti ndogo na iwe na mizani ya bapa ambayo kiti cha magurudumu kinaweza kupanda. Uzito wa kiti uandikwe mara moja kwenye kadi ya mgonjwa, ili utolewe kila anapopimwa. Ule mstari mfupi penye nafasi ya uzito uhesabiwe kuwa ni kazi isiyofanywa. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba hadi nyumba wakipima shinikizo la damu na sukari wafunzwe kumpima mtu kiuno akiwa amelala, kwa utepe ule ule wa fundi cherehani, na kulinganisha kipimo cha mwezi huu na cha mwezi uliopita. Masoko, vyoo na makanisa yetu yawekewe njia ngumu isiyo na ngazi.

Sheria haikosekani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2008. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote pa umma na kutumia vyombo vya usafiri. Sheria ya mwaka wa 2003 imefuatwa na nyingine mpya mwaka wa 2025. Wala uthubutu haukosekani: Makueni ndiyo iliyoanzisha mwaka wa 2016 mpango wa matibabu ambamo kaya ililipa shilingi 500 kwa mwaka. Waliothubutu hayo hawawezi kushindwa na bapa la chuma.

Na anayedhani kuwa haya ni ya kina sisi peke yetu, na akumbuke kwamba hujafa hujaumbika. Barabara kuu ya Mombasa hupita Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Bodaboda zimejaa kila kijiji. Kisukari kinakata miguu ya watu waliokwenda shambani jana. Mizani ninayoiomba leo yaweza kuwa yako kesho.

Jumamosi ijayo nitakwenda ghalani tena. Nitasubiri zamu yangu nyuma ya magunia kama kawaida, na mwenye ghala atanitania kama kawaida. Simwonei haya. Haya waone wale ambao katika nchi yao ndengu hupimwa kwa makini hadi nusu kilo, na raia akatwe uzito kwa mstari wa kalamu.